Naomba ushauri: neno "prevented" katika Zaburi ya 119 ya Kiingereza cha zamani

Mjukuu_wa_Katekista:
Habari zenu wanajamvi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi 119:147 inaanza hivi: "I prevented the dawning of the morning". Nimeifasiri "Nilizuia mapambazuko", lakini tangu jana moyo wangu hautulii. Je, tafsiri hiyo inaweza kusimama?

Kamusi_Kuukuu:
Ndugu, haiwezi. Neno hilo limetoka katika Kilatini, *prae*, yaani kabla, na *venire*, yaani kuja, na wakati ule lilibeba maana ya kutangulia. Ndiyo sababu kitabu cha sala cha Kianglikana kina ombi "Prevent us, O Lord", ambalo kwa maana ya leo lingekuwa la kujitakia mabaya, ilhali muumini anamwomba Mungu amtangulie katika kila afanyalo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 nayo inaitaja kwanza maana hiyo ya kutangulia. Tafsiri hii ni ya kazi gani?

Mjukuu_wa_Katekista:
Ni ya matumizi ya kifamilia tu.

Mwalimu_Mstaafu:
Nilipoanza kufundisha fasihi ya Kiingereza, niliwaeleza wanafunzi kwamba Hamlet, katika tamthilia ya Shakespeare, anaposema "I'll make a ghost of him that lets me", anamtisha atakayemruhusu. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akauliza kwa nini mtu amuue anayemruhusu, nami nikamnyamazisha. Jioni ndipo nilipogundua kwamba "let" ya zamani ilikuwa pia na maana ya kuzuia, maana iliyobaki hadi leo katika pasipoti za Uingereza, "without let or hindrance". Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa zima.

Binti_wa_Mrima:
Mimi naona mngeandika Kiswahili peke yake, mkaondokana na taabu yote hii. Lakini hujajibu, kaka. Matumizi gani ya kifamilia?

Mjukuu_wa_Katekista:
Ni bamba la marumaru la kaburi la babu. Fundi ameshachonga mistari yote miwili, wa Kiingereza na wa Kiswahili, fedha tumelipa, na Jumamosi ukoo mzima unakutana kuliweka. Hata hivyo sidhani kwamba nimekosea sana. Babu aliomba kwa bidii kiasi cha kuizuia alfajiri isifike kabla hajamaliza, na ushairi una uhuru wake.

Mzee_wa_Busara:
Mwanangu, uhuru huo unautafuta baada ya fundi kuchonga. Maneno ya marehemu ni amana, na amana huulizwa mapema.

Mpenda_Ushahidi:
Nina shaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Mfano wa "prevent" ni maarufu mno kwa wanaosoma historia ya Kiingereza, na hapa umeletwa ukiwa umekamilika, na kaburi juu yake. Katekista huyo alisomaje Kiingereza cha 1611?

Mjukuu_wa_Katekista:
Sijatunga. Biblia yake iko mezani hapa, jalada limefungwa kwa kamba ya kiatu. Nimeifungua sasa hivi kwa sababu yako. Aya imepigiwa mstari wa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, ameandika "saa kumi". Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akitoka na kandili yake kwenda kuomba, nasi watoto tukisikia bawaba za mlango. Babu alijua maana ya neno hili. Asiyejua nilikuwa mimi.

Mpenda_Ushahidi:
Naomba radhi, ndugu. Poleni kwa msiba.

Kamusi_Kuukuu:
Basi maana ameitoa mwenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Union hutumia "kutangulia" katika aya hiyo, lakini juu ya kaburi sikushauri neno hilo, kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba marehemu alifariki kabla ya kupambazuka. Andika "Niliyawahi mapambazuko". Na usione aibu kurekebisha: Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, mwaka 1963, akaitoa upya ikiwa imerekebishwa mwaka 1969.

Mjukuu_wa_Katekista:
Nimempigia fundi. Anasema mstari ule mmoja unaweza kusagwa na kung'arishwa kabla ya Ijumaa, ingawa mahali hapo patabonyea kidogo. Nimemsomea herufi kwa herufi, naye akanirudishia: Niliyawahi mapambazuko.