Milioni 3 na nusu: Sony A7 III ya mtumba, ZV-E10 mpya au nijikamue Lumix S5 II?

Dogo_wa_Tandika
Wakuu habari za mihangaiko. Nina milioni 3 na nusu mkononi, nataka niingie kwenye video rasmi, nimechoka kuazima kamera za mirolesi za watu. Nimebaki na machaguo matatu: Sony A7 III ya mtumba (jamaa yuko Sinza ananiachia bodi tu bila lenzi kwa milioni 2.6, anasema haijatumika sana), Sony ZV-E10 mpya na kile kilenzi chake cha 16-50, au nijikamue niongeze hela nichukue Lumix S5 II ambayo Yutyubu nzima wanaisifia. Ipi mnanishauri? Naomba majibu ya haraka maana jamaa wa A7 anasema kuna mtu mwingine anaizungukia.

MzeeKaseti
Huyo "mtu mwingine" yupo kwenye kila biashara, hata viwanja vya Chanika ana yeye. Usikimbizwe.

Sasa kijana umeuliza ipi bora bila kusema unapiga nini. Harusi? Muziki? Mahubiri? Una lenzi yoyote nyumbani? Kompyuta ya kuedit ni ipi? Sauti utachukua na nini? Hayo manne ukiyajibu tunaweza kuongea, vinginevyo kila mtu hapa atakutajia kamera anayoimiliki yeye.

SonyTuMilele
A7 III funga mjadala. Fulu fremu (sensa kubwa), stabilaiza ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, betri kubwa ile ya FZ100, nafasi mbili za memori kadi. Kamera ya 2018 lakini mpaka leo mjini hapa harusi ngapi zinapigwa na hiyo hiyo.

Kamaa_wa_Luthuli
Niaje wasee wa Dar. Mimi niko Nairobi, nitasema tu moja. Kama ni ya mtumba uliza imetoka wapi KWANZA. Mimi nilinunua Sony kwa msee, safi, haina hata mkwaruzo, bei poa, nikafika nayo nyumbani nikaenda kwa menyu kubadilisha lugha nikapata lugha ni moja tu, Kijapani. Zile zimetengenezwa kuuzwa Japani zinakuja na Kijapani peke yake na hakuna mahali pa kubadilisha. Nilikaa mwaka mzima nikikariri mahali vitu viko, eti mstari wa nne, kibonye cha pili. Siku moja nikaguza kitu sijui nini nikarekodi ruracio (sherehe ya mahari) nzima kwa ubora wa chini kabisa. Kwa hivyo washa, ingia menyu, hakikisha Kiingereza kiko ndio utoe pesa.

Dogo_wa_Tandika
Samahani wakuu nilisahau. Napiga harusi, send-off na kitchen party, na mara moja moja kwaya ya kanisani kwetu. Lenzi sina hata moja. Laptopu ni core i5 ya kizazi cha 8, ram 8. Sauti nilikuwa nategemea maiki ya kamera.
Halafu nina kazi ya kwanza ya kulipwa baada ya wiki tatu, advansi nimeshakula.

MzeeKaseti
Ungeanza na hilo la mwisho.

Bi_Lenzi_Unguja
Assalam aleykum. Wiki tatu na huna lenzi, huna maiki, na milioni mbili na laki sita waenda kuimwaga kwenye bodi peke yake? Hapo ndipo watu wengi hupotea. Bodi utaibadilisha mwakani, lenzi utakaa nayo miaka. A7 III bila lenzi nzuri ya kufungua f/2.8 (inayoingiza mwanga mwingi) kwenye ukumbi wenye taa za mapambo haikusaidii kitu, na Tamron 28-75 tu huipati kwa hiyo laki tisa itakayobaki, bado kadi, betri ya akiba na sauti.

Mie natumia ZV-E10 mbili na Sigma 18-50 f/2.8 kila moja. Napiga upande wa wanawake, huku kwetu harusi za wanawake mpigaji awe mwanamke na simu zinakusanywa mlangoni, kwa hiyo mie ndo jicho pekee mle ndani, sikipata kitu hakuna mgeni atakayenirushia klipu yake. Nina stabilaiza? Sina, natumia gimbo (mkono wa kutuliza kamera) na monopodi (fimbo ya mguu mmoja). Ubaya wake nausema: betri ndogo, nabeba sita. Nafasi ya kadi moja tu. Na haina kioo cha kutazamia jichoni, ukienda ufukweni saa nane mchana skrini huioni, unapiga kwa imani.

SonyTuMilele
Dada umeua hoja yako mwenyewe. Nafasi ya kadi MOJA kwenye harusi ambayo wewe ndo jicho pekee? A7 III unarekodi kadi zote mbili kwa wakati mmoja, ikifa moja nyingine ipo.

Bi_Lenzi_Unguja
Ndo maana nna kamera mbili kaka angu.

Mpare_Bahili
Naomba niongee kuhusu kadi maana hapa ndo nilipozikwa. Miaka michache nyuma nilikuwa na harusi Morogoro, njiani nikakumbuka nina kadi moja tu ya GB 64, nikashuka nikanunua ya 128 kwenye kimeza cha barabarani, pakti imefungwa vizuri, nembo ya kampuni kubwa ipo, bei nusu ya dukani, nikajiona mjanja. Nikaiweka kwenye kamera ikaandika 128 kama kawaida. Kanisani nikarekodi, nikarudisha nyuma kidogo kuangalia, safi. Tukaenda picha za bustanini, safi. Ukumbini nikapiga kuingia kwa maharusi, shampeni, keki, zawadi, mpaka wazee wa upande wa mume wanacheza. Nikarudi Dar usiku ule ule nimechoka, asubuhi nachomeka kadi kwenye kompyuta, mafaili yote yapo, majina yapo, ukubwa upo. Nafungua la kwanza linacheza. La pili linacheza. La tano linafunguka linakuwa kijani. Kuanzia hapo hakuna hata moja lililofunguka. Fundi akanielewesha baadaye kwamba ndani mle kuna nafasi ndogo tu, labda 16, ila kadi imefundishwa kudanganya kwamba ni 128, ikijaa haisemi imejaa, inaendelea kupokea na kutupa hewani.

Mama mzazi wa bibi harusi alinipigia siku ya tatu, wala hakuuliza keki. Aliuliza, "mwanangu, ile sehemu babu yake alisimama akatoa neno ipo?" Babu alikuwa amesimama kwa fimbo, dakika kama nne hivi. Nilirudisha hela yote na nikakaa miezi miwili sipigi.

Sasa hivi kila kadi mpya naijaza kwanza kwenye kompyuta na programu ya H2testw, inaandika mpaka mwisho kisha inasoma yote, kadi ya uongo inaumbuka hapo hapo. Kwa hiyo dogo kamera yoyote nunua, lakini kadi usinunue njiani.

Dogo_wa_Tandika
Duh. Pole sana mkuu. Kadi ya 64 inatosha harusi?

Mpare_Bahili
Piga hesabu: 4K ya hizo Sony ni megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata megabaiti 12 na nusu, kwa saa nzima ni GB 45. Kwa hiyo 64 inakupa saa moja na dakika ishirini na kidogo. Harusi ya kwetu MC peke yake anamaliza hiyo. Kwa spidi hiyo kadi ya V30 (alama ya spidi ya kuandika, megabaiti 30 kwa sekunde) inatosha kabisa, usidanganywe ununue V90 ya bei mbaya.

LumixPekeYangu
Nashangaa S5 II haijatetewa na mtu. Sikilizeni. A7 III inakata video ikifika dakika 29, kwaya inaimba wewe uko bize kubonyeza tena. S5 II haikati, ina feni ndani, inarekodi biti 10, yaani rangi nyingi zaidi kuliko biti 8 za kawaida. Biti 10 kwa ngozi zetu ni jambo kubwa, bibi harusi mweusi gauni jeupe jua la saa saba, kamera ikiachwa iamue yenyewe inaogopa gauni inashusha mwanga, sura inakuwa kivuli. Kwenye biti 8 ukiiinua unapata chenga na mistari. Na ile shida ya zamani ya Lumix ya otofokasi kupumua pumua wameimaliza, S5 II ya 2023 ndo ya kwanza kwao kuwa na fokasi ya fezi (phase detect, inayojua moja kwa moja fokasi iende wapi).

MzeeKaseti
Na hiyo biti 10 ataiedit kwenye i5 ya kizazi cha 8 yenye ram 8? Ile video ya biti 10 ya 4:2:2 (yenye taarifa nyingi za rangi) laptopu hiyo haina cha kuisaidia kuifungua, itaenda fremu moja kwa dakika huku feni inalia kama jenereta.

LumixPekeYangu
Anatengeneza proksi mzee, nakala nyepesi za kueditia. Au anarekodi biti 8 tu siku za kawaida, kamera inaruhusu.

MzeeKaseti
Aongeze zaidi ya milioni ili arekodi biti 8. Sawa.

SonyTuMilele
Halafu lenzi za L (zinazoingia kwenye hiyo Lumix) nenda Kariakoo katafute uone. Za Sony kila duka, mpya na mtumba. Na hiyo dakika 29 sio ugonjwa wa kamera, ni mambo ya ushuru wa Ulaya, kamera inayorekodi zaidi ya nusu saa walikuwa wanaihesabu kama kamera ya video na kuitoza ushuru zaidi, basi viwanda vikakata.

Kamaa_wa_Luthuli
Sasa ushuru wa Ulaya unamhusu aje mtu wa Tandika 😂

iFoniTosha
Kwani mnahangaika nini, iPhone 15 Pro inapiga Log na ProRes (video za kitaalamu za kuedit rangi), unachomeka diski ya nje unarekodi humo humo. Nimeshapiga harusi mbili.

Bi_Lenzi_Unguja
Za nani?

iFoniTosha
Ya dada yangu na ya rafiki yangu.

MzeeKaseti
Nimeanza na Panasonic M9000 ya begani, VHS, taa ya wati elfu moja inashikwa na mdogo wangu huku waya unaburuzwa kwenye keki. Kisha kaseti ndogo za MiniDV, dakika 60 unabadilisha. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza sensa yangu ina ukubwa gani. Wanauliza mbona sauti ya babu haisikiki. Kijana, hiyo maiki ya kamera sahau. Nunua kirekoda kidogo, kakae na mtu wa muziki mapema, omba laini kutoka kwenye mixa, na kamaiki kengine kadogo ka waya mvalishe bwana harusi kwa ajili ya viapo. Na kwenye ile mixa jaribu kabla, maana DJ akikupa sauti kubwa mno inarekodiwa imepasuka na hakuna wa kuirudisha.

Halafu hiyo ya mtumba, ukiambiwa imepiga picha elfu kumi tu usishangilie. Ile hesabu ni ya shata (pazia linalofunguka mbele ya sensa), ya picha mnato. Video haihesabiwi. Inaweza kuwa imekaa miaka mitatu inarekodi ibada kila Jumapili na hesabu bado ni elfu kumi.

Dogo_wa_Tandika
Hilo la shata sikulijua, asante mzee. Swali jingine, kamera ya kuazima niliyopigia mwezi uliopita video ilikuwa inatoa mistari myeusi inapanda na kushuka ukumbini, ile ni ubovu wa kamera?

Bi_Lenzi_Unguja
Si ubovu. Umeme wetu ni hezi 50, kamera ilikuwa imewekwa NTSC (mfumo wa kule Marekani), fremu 30 shata 1/60. Ingia menyu weka PAL, kwenye Sony itakwambia uformati kadi, basi hamisha kazi zako kwanza. Piga fremu 25 shata 1/50, zikisumbua weka 1/100. Taa nyingi zitatulia. Zile LED za bei rahisi za mapambo zenye dima hazina dawa moja, unazungusha shata taratibu mpaka mistari inapungua.

Na nje juani kwa 1/50 utahitaji ND ya kuzungusha (kioo cha kupunguza mwanga) mbele ya lenzi, la sivyo kila kitu cheupe.

Jambo jengine kwa aliye pwani: ukitoka ukumbi wa AC kwenda nje lenzi inajaa mvuke pale pale, bibi harusi anatoka mlangoni wewe unaona wingu. Mie naitoa kamera nje robo saa kabla, ndani ya begi lake, izoee. Na nyumbani hifadhi kwenye boksi la kufunga na silika jeli. Nna lenzi moja imeota fangasi ndani kama utando wa buibui, fundi kaitazama akanirudishia bila ya kusema neno.

CanonRangi
Nimechelewa. Mbona hakuna aliyetaja Canon? Rangi ya ngozi ya Canon inatoka imeiva, huediti. R8 ina 4K ya fremu 60 bila kukata pembeni.

SonyTuMilele
Haina stabilaiza kwenye bodi, na lenzi za RF (mfumo mpya wa Canon) za fulu fremu zenye otofokasi za kampuni nyingine utazipata wapi? Utanunua za Canon wenyewe uuze na bodaboda.

CanonRangi
Nina adapta na lenzi zangu za EF (mfumo wa zamani wa Canon) za tangu enzi za 5D Mark II. Zinafanya kazi kama zimezaliwa humo.

SonyTuMilele
WEWE unazo. Dogo hana hata mfuniko wa lenzi.

Mpare_Bahili
Mawazo yangu: kodi. Harusi moja tu ya wiki tatu zijazo kodi A7 III na lenzi yake, lipa siku mbili, jaribu nyumbani siku ya kwanza. Ukishapiga nayo ndo utajua unataka nini, na hela yako bado ipo.

LumixPekeYangu
Akikodi akodi na S5 II aone tofauti.

Kamaa_wa_Luthuli
Huku kwetu ukikodi wanataka kitambulisho na mdhamini, na ukirudisha wanakagua lenzi na tochi kama daktari wa meno. Lakini ni wazo poa.

Dogo_wa_Tandika
Wakuu nimerudi. Nimempigia jamaa wa Sinza nikamwambia naomba nije niangalie menyu na nirekodi nusu saa nione kama inapata moto, akasema ameshauza. Nikamwambia basi poa. Baada ya saa moja kanitumia meseji kwamba mteja kaghairi na anaweza kushusha mpaka 2.3.

MzeeKaseti
Unaona.

SonyTuMilele
2.3 chukua!!! Nenda na kadi yako na betri yenye chaji.

Bi_Lenzi_Unguja
Na tochi, mulika ndani ya sehemu ya lenzi uangalie sensa. Na bado nasema lenzi kwanza.

Dogo_wa_Tandika
Kesho naenda na binamu yangu. Ila ZV-E10 bado inanivuta, sijui.

CanonRangi
Samahani kutoka nje ya mada, kuna mwenye adapta ya EF kwenda RF anauza? Yangu imeanza kulegea.

Mpare_Bahili
Njoo inbox, ninayo moja. Bei hatushuki.