Kengele za moshi kwa nyumba ya mama, Kibokoni

Kutoka: Mwana wa Kibokoni, Leicester

Assalaam aleikum jamaa,

Mwezi ujao naenda Mombasa inshallah, na safari hii nataka kumbebea mama kengele za moshi. Huku Uingereza mwenye nyumba anayepangisha anatakiwa na sheria tangu 2015 aweke angalau moja kila ghorofa inayokaliwa, nami nimezoea kuiona ile duara nyeupe juu ya ngazi. Kwetu hakuna hata moja.

Nyumba ni ya kizamani. Chini kuna jiko na sebule, juu vyumba vya kulala, katikati ngazi moja ya mbao. Dari ni za boriti na ziko juu sana. Mama apikia gesi, ila jiko la makaa bado lipo kwa mahamri na samaki wa kupaka, na kila magharibi chetezo lazima kipite vyumba vyote. Stima nazo mwazijua. Dada yangu asema nisijisumbue, zitapiga kelele kutwa na mama atazitia ndooni.

Nichukue za aina gani, na nizitie wapi?

---

Kutoka: Fundi wa Tudor, Glasgow

Waaleikum salaam ndugu yangu,

Dada yako ajua asemalo. Kengele nyingi hunyamazishwa na wenye nyumba: mtu kachoka na kelele, kapanda kiti, kang'oa betri, basi. Kwa hiyo kwanza ujue moshi wa kila siku huko kwenu watoka wapi, kisha uiweke kengele mbali na hapo.

Jikoni usitie ya moshi kabisa. Tia ya joto, inayolia hewa ya pale juu ikifika kiasi cha nyuzi 58. Kaanga viazi vya karai upendavyo, haitakusumbua. Huku Scotland, tangu Februari 2022, kila nyumba yatakiwa iwe na ya joto jikoni, ya moshi sebuleni, na ya moshi kila ukumbi na kila penye ngazi, na zote ziwe zimeunganishwa: ikilia moja, zalia zote. Mimi kwa mama yako ningefuata mpango huohuo, ila ya sebuleni ningeiacha kwanza kwa sababu ya udi. Kuunganishwa ndiko kwenye faida kubwa. Mama kalala juu, mlango kaurudisha, pangaboi lavuma; ya jikoni ikilia peke yake huko chini hataisikia. Ziko zinazoongea kwa redio bila waya, na betri ya lithiamu iliyofungwa humohumo ya miaka 10. Stima ikatike isikatike, haziulizi.

Kuhusu aina: ziko zenye chembe ya amerisiamu ndani, madini ya mionzi kidogo, ambazo ni hodari kwa moto wa miali, na ziko za mwanga. Hizi za mwanga zina kitaa kidogo ndani ya kijumba cheusi. Moshi ukiingia unautawanya ule mwanga, na kengele inalia. Kwa godoro linalofukuta au waya unaoungua polepole ndani ya soketi, za mwanga hushtuka mapema zaidi, na moshi wa kukaanga hauzikeri sana. Nunua hizo.

Sasa mahali. Ya kwanza kabisa ni darini juu ya kilele cha ngazi, maana ngazi ndiyo dohani ya nyumba yote na ndiyo njia pekee ya mama kutoka. Ya pili chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, mita 3 au zaidi kutoka jikoni. Ya tatu chumbani kwa mama. Acha sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa, kwani kwenye pembe hewa hulala na moshi huchelewa kufika. Kutoka ncha za pangaboi acha karibu mita moja, la sivyo upepo utaufukuza moshi kabla haujaingia.

Boriti zisikutishe. Ni nyembamba ukilinganisha na urefu wa dari, kwa hiyo waweza kuipigilia chini ya boriti yenyewe kwa skrubu. Nakuomba sana usibandike kwa gundi wala usitoboe kwenye chokaa ya zamani, itamwangukia mtu. Kama dari haifikiki kabisa, tia ukutani, sehemu ya juu ya kengele isizidi sentimita 30 kutoka darini. Na kitufe cha kujaribia kifikike kwa mpini wa ufagio, kwa sababu mama hatapanda ngazi na wewe uko Leicester.

---

Kutoka: Mama wa Watatu, Hamburg

Salaam kwenu,

Huku Ujerumani zatakiwa vyumbani, vyumba vya watoto, na kwenye korido za kutokea, na nyumbani kwangu udi nafukiza kila Ijumaa. Haya niliyoyaona. Chetezo ukikipitisha chini kabisa ya kengele italia, hiyo haina mjadala. Ukikiweka upande wa dirishani na mlango wazi, mara nyingi hainishtui. Ikilia, nabonyeza kitufe cha katikati kinachoinyamazisha kama dakika 10, kisha yajiwasha yenyewe. Mfundisheni mama hilo kabla ya jambo lolote jingine. Akijua kuinyamazisha, hatakuwa na haja ya kuing'oa. Chagua yenye kitufe kipana, hizi za kitufe kama punje ya mtama mzee haziwezi.

Utunzaji wa pwani nao una mambo yake. Vumbi, buibui, na vile vidudu vidogo vinavyofuata taa wakati wa mvua huingia ndani na kuiliza bila moshi. Aliyeko nyumbani aipitishie brashi laini pembeni kwenye matundu, asitie maji wala dawa ya wadudu. Na Idi ikikaribia watu wapaka rangi! Fundi wa rangi haachi kitu. Atapaka kuta, dari, swichi na kengele pamoja. Ifungeni mfuko wa plastiki, na mfuko utolewe rangi ikikauka. Ikishapakwa rangi ni ya kutupa.

Ikitoa mlio mfupi mmoja kila baada ya dakika au chini ya hapo, hiyo ni betri inalia njaa. Za betri iliyofungwa, badilisha kengele nzima. Hata iwe nzima vipi, ikitimia miaka 10 itolewe. Tarehe iko nyuma, iandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito ili isomeke bila kuishusha.

Jamani, mbona hakuna aliyetaja makaa? Kengele ya moshi haijui kaboni monoksidi. Gesi hiyo ya sumu haina rangi wala harufu, na jiko la makaa likiingizwa ndani kwa sababu ya mvua, madirisha yakafungwa, ndiyo hiyo. Kengele yake ni nyingine. Mnunulie, lakini kwanza jiko libaki uani.

Na magrili. Nyumba zetu usiku ni kufuli juu ya kufuli, na funguo ziko kwenye fundo la kanga au chini ya mto. Kengele ikilia saa nane za usiku, moshi umejaa, nani atatafuta fundo la kanga? Ufunguo wa mlango utiwe msumari wake ndani, karibu na mlango, mahali mkono wa mwizi haufiki kutoka dirishani, na usihamishwe hata kwa kufagia. Juu mngefanya grili moja la dirisha liwe la kufunguka.

---

Kutoka: Mwana wa Kibokoni, Leicester

Shukran sana nyote. Basi nabeba tatu za moshi, moja ya joto na moja ya kaboni monoksidi. Zenye lithiamu nitazitia kwenye mkoba wa mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Grili nitaongea na mama taratibu, huko ndiko kutakuwa na kazi. Drili sina ya kubeba.

---

Kutoka: Ami wa Mwembe Tayari, Mombasa

Drili ninayo, na ngazi ndefu naijua kwa jirani. Njoo tu. Usije Ijumaa, na mama umwambie kabla hatujaingia na vumbi, maana mimi ndiye nitakayebaki naye hapa. Ya juu ya ngazi tuifunge kwanza kabla stima hazijakatika, pale ukumbini hata mchana ni giza. Grili la kufunguka kuna fundi wa kuchomelea karibu nasi, mpe vipimo vya dirisha kabla hujafika, yeye huchukua muda.