Naomba ushauri: Lushoto nilitulia, nimerudi Dar mawazo yaleyale

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto kumsalimia shangazi. Kichwani nina deni la kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa), kodi inaisha, na mkataba wa kazi ambao bosi hasemi kama utaendelea. Usiku silali, natazama feni tu.

Siku ya pili nikatembea hadi Irente, nikakaa juu ya jiwe pale ukingoni mwa mlima. Chini kabisa unakiona kijiji cha Mazinde, mabati yanameta kama vipande vya kioo, na basi kwenye barabara ya Moshi linatambaa kama siafu. Nikawaza, mle ndani wamo watu hamsini, kila mmoja na deni lake, na mimi nalifunika basi zima kwa kidole gumba. Nilicheka peke yangu. Usiku ule nililala mpaka shangazi akaja kugonga mlango.

Deni halikupungua hata shilingi, najua. Ila niliporudi nilimpigia mweka hazina wa kikoba, tukapanga nilipe kidogo kidogo. Simu hiyo nilikuwa naikimbia miezi mitatu!

Sasa wiki ya pili tu hapa Mbagala, feni ileile. Nauli ya Lushoto kila mwezi sina. Wenye uzoefu, msitu wa Pugu mtu anaweza kwenda peke yake asubuhi? Kiingilio kikoje? Au ufukweni alfajiri inatosha? Na huku kukosa usingizi, niendelee kutafuta upepo au nimwone daktari?