Ushauri: Picha za ukutani za kanga, ukili na makombe kwa nyumba ya mawe, Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja

Bint_Malindi
Assalaam alaykum wanajamvi. Nnaomba ushauri kwa wenye mikono yao.

Tumehamia nyumba ya zamani ya mawe hapa Malindi. Ukumbini kuna ukuta mmoja mrefu, mtupu, una vidaka viwili tu pembeni. Mume wangu anasema tukanunue zile picha za milango zinazouzwa mtaa wa Gizenga tumalize. Mie sitaki. Nnataka nitengeneze mwenyewe picha tatu za kanvasi, kila moja kama sentimita 60 kwa 90, chini nipake rangi, juu nibandike vitu vya kwetu. Nilivyonavyo mpaka sasa: kanga ya bibi yangu (Allah amrehemu) yenye jina "Mgeni njoo mwenyeji apone", ukili wa rangi (ile mikanda ya miyaa iliyosukwa) nilioletewa kutoka Wete, Pemba, makombe niliyookota Jambiani, mchanga wa huko huko, na karafuu kidogo.

Kanga nimepanga kuikata vipande: pindo niligawe picha zote tatu, lile jina likae ya katikati.

Nnachotaka kujua: kanvasi za tayari nnazoziona ni ndogo na bei yake si ya mchezo, je, kuna kitambaa chengine? Gundi ipi inashika? Jirani kanambia uji wa unga wa ngano unatosha. Na ukuta wenyewe unatoa chumvi, rangi inabambuka chini. Picha zitakaa kweli?

FundiFremu
Waalaykum salaam. Kanvasi si lazima ununue. Nenda maduka ya mtaa wa Mchangani katafute amerikani nzito, ile isiyopaushwa. Kitambaa hicho kimevaliwa kisiwani hapa tangu karne ya 19, merikebu za Salem zilipokuwa zikikileta kutoka Marekani, na mpaka leo hakina mpinzani kwa bei. Kifue kwanza kwa maji ya moto, kirudi chote kinachotaka kurudi, ukipige pasi.

Fremu chongesha kwa mbao kavu ya inchi moja kwa mbili. Nasisitiza kavu, maana mbao mbichi ikishakauka ukutani inajipinda na picha yako inasimama kona moja mbele. Kabla hujapigilia pima kona kwa kona, vipimo viwili viwe sawa. Kwa urefu wa sentimita 90 weka mbao ya kati. Na mwambie fundi ailaze kidogo kwa randa ile kingo ya ndani ya mbele, kitambaa kisiguse mbao, la sivyo baada ya muda utaona mstari wa fremu umejichora juu ya picha.

Kuvuta kitambaa: azima stepla ya fundi makochi. Pini moja katikati ya kila upande, kisha unakwenda ukielekea kwenye kona, upande huu na wa mbele yake kwa zamu. Ukianzia kona utapata mikunjo ambayo haitoki tena.

Halafu paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, gundi moja maji mawili. Ikikauka kitambaa kinalia ukikigonga. Juu yake ndio utie tabaka jeupe: rangi nyeupe ya maji sehemu tatu, gundi sehemu moja, unga wa chaki sehemu moja, upitishe kwenye chujio cha chai. Mara mbili au tatu, kila ikikauka piga msasa laini. Hapo una kanvasi ambayo dukani ungeilipia mara kadhaa.

Kipanga_wa_Ngambo
Na wala kanvasi si sharti. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichorea vipande vya mbao za silingi kwa rangi za baiskeli, na leo dunia nzima inamjua. Mie kwa vitu vizito kama makombe ningekwenda na plaiwudi tu.

MamaUkili_Wete
Mwanangu, huo uji wa ngano usiutie ndani ya nyumba yako. Mende wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda urojo. Watakuja usiku, watakula gundi, na kanga wataitoboa.

Ukili nao una adabu zake. Huo wa rangi umechemshwa na rangi za unga za sokoni, na nyingi ya rangi hizo zinachuja. Chukua kitambaa cheupe kibichi, ukibinye juu ya ukili kwa muda. Kikitoka chekundu au buluu, basi huo ukili usiuguse na gundi ya maji, utavuja mpaka kwenye tabaka jeupe na hakuna rangi itakayoficha. Ushone. Sindano ya kushonea magunia, uzi wa nailoni, pita pembeni mwa ukili kila upana wa vidole viwili, mishono haionekani ikijificha chini ya msuko. Ukishona huna haja hata ya gundi, na siku ukuta ukilia maji ukili wako upo pale pale.

Kabla ya yote uanike kivulini siku mbili tatu, uupige piga utoke vumbi. Ukiona madoa meupe au ya kijani ya ukungu, futa kwa kitambaa chenye siki, uanike tena. Usiufungie kwenye picha ukiwa na unyevu hata kidogo.

Karafuu: ziwe kavu za kuvunjika kwa kucha. Hata hivyo zina mafuta, na mafuta yale yanaweza kulainisha rangi na gundi iliyo chini, na yanaacha doa la kahawia. Wewe zitoboe zikiwa zimerowekwa kidogo, uzitunge kwenye uzi, zikauke barabara, kisha ning'iniza ule uzi chini ya fremu. Zikiisha harufu unabadilisha. Na usije ukatia gunia zima ukasafiri nalo kutoka huku, sote tunajua karafuu mnunuzi wake ni mmoja, serikali 😄

Bint_Malindi
Ahsante sana mama yangu, hilo la kushona sikulifikiria kabisa. Na FundiFremu, nimeandika kila kitu.

Mshoni_Mkongwe
Nimesoma yote, nnangojea mtu aseme na hakuna aliyesema. Bibie, hiyo kanga usiikate.

Sisemi kwa ajili ya huruma. Kanga ya zamani imefuliwa miaka, nyuzi zimechoka, khasa kwenye mikunjo iliyokaa sandukuni. Ukiitia gundi inageuka ngumu, na gundi hiyo haitatoka tena maishani. Ikishapauka au kuingia ukungu, ndiyo imekwisha. Vipande vya pindo kwa picha yako utavipata kwenye kanga yoyote mpya.

Ifanye hivi. Chukua ubao wa plaiwudi, upake vanishi pande zote na ukauke kabisa, kisha uuvike amerikani iliyofuliwa. Kanga ilaze juu, lile jina na pindo la chini vije mbele, sehemu iliyobaki ikunje nyuma kwa mkunjo mnene: viringisha kitambaa laini uweke ndani ya kila mkunjo ili usivunjike. Shona kanga kwenye amerikani kwa uzi wa pamba mwembamba, mishono mikubwa mikubwa, ipite katikati ya nyuzi za kanga bila kuzikata. Hakuna gundi hata tone. Siku ukiitaka unafumua, kanga nzima, sentimita mia na hamsini, unajifunga.

Kipanga_wa_Ngambo
Hapo tupingane kidogo bi Mshoni. Kitu kikikaa sandukuni nacho kinaliwa. Bora kikatwe kionekane na watoto kuliko kuwekwa mpaka kigeuke vumbi. Kanga ni nguo ya kutumiwa.

Mshoni_Mkongwe
Nani kasema sandukuni? Nimesema ukutani, ila nzima. Na kanga ni doti. Bint_Malindi, ya pili iko wapi?

Bint_Malindi
Ya pili anayo halati yangu, dada yake mama, yuko Wete.

Mshoni_Mkongwe
Na halati anajua kama unataka kutia mkasi?

Bint_Malindi
…

MamaUkili_Wete
Hahaha! Mpigie simu leo leo. Watu wa Wete tunaongea, asije akasikia kwa mwengine.

Abu_Sabra
Nasaha ndogo tu dada: kwa kuwa ni ukumbini na pengine mnasali hapo, katika rangi zako jiepushe na vyenye roho. Majahazi, minazi, mawimbi, nakshi za milango, yote hayo yapo na yanapendeza.

Bint_Malindi
Tuko pamoja kaka. Nilikusudia bahari na tanga tu.

Saruji_Adui
Nyote mmezungumza picha, mie nizungumze ukuta, maana huko ndiko picha zitakakofia.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta unafyonza unyevu kutoka chini na unautoa hewani. Aliyepita kabla yenu nadhani kapaka rangi ya plastiki, au mbaya zaidi kapiga plasta ya saruji. Unyevu ukikosa njia unasukuma chumvi nje, ndiyo hiyo mnayoiona, na rangi inabambuka. Kwangueni rangi iliyolegea, mfagie chumvi ikiwa kavu (msiioshe kwa maji, itarudi ndani), kisha mpake chokaa. Haikai milele, lakini ukuta unapumua na kupaka tena ni kazi ya asubuhi moja.

Picha zisilale juu ya ukuta. Kata malapa ya zamani vipande vinene, gundisha kimoja kila kona nyuma ya fremu. Hewa inapita, ukungu haupati pa kukaa. Na misumari msipigepige ovyo, plasta ya chokaa inamong'onyoka mpaka shimo likaingia ngumi. Kama boriti za dari ziko wazi, fungeni kamba nzuri ya mkonge juu, picha zining'inie kutoka huko. Inapendeza kuliko msumari, na mkitaka kushusha au kupandisha ni fundo tu.

Usiweke kioo mbele, na usitundike ukuta unaopigwa na mvua kwa nje.

Bint_Malindi
Boriti ziko wazi alhamdulillahi! Na rangi ni hiyo ya plastiki kama ulivyosema. Sasa makombe na mchanga je? Kuna mtu kanambia supa gluu.

FundiFremu
Supa gluu inashika haraka na inakatika haraka. Kanvasi inacheza, gundi ile haichezi, kombe linadondoka usiku mnadhani mwizi. Tena inaacha weupe pembeni.

Kwanza roweka makombe kwenye maji matamu, ubadilishe maji mpaka ukilamba usisikie chumvi. Sugua kwa mswaki. Mchanga nao hivyo hivyo, osha, chuja kwa kitambaa, anika juani. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kila masika ile sehemu itakuwa na jasho, na gundi nyeupe ya kawaida ikipata jasho inalegea. Ndiyo maana chagua gundi ya mbao iliyoandikwa kuwa inastahimili maji.

Kombe dogo na jepesi: gundi hiyo inatosha, ila paka msasa sehemu inayogusa. Kombe kubwa: toboa tundu mbili kwa drili yenye ncha nyembamba, polepole, ukidondosha maji ili lisipasuke na vumbi lisiruke (funga pua na mdomo, vumbi lile baya), kisha shona kwa uzi wa kuvulia. Kama ni lazima gundi, tumia ile ya mirija miwili inayochanganywa, juu ya plaiwudi, si juu ya kitambaa.

Mchanga changanya na gundi na rangi uwe ujiujiu, paka kwa kisu cha kupakia siagi, tabaka jembamba. Ukiweka nene linapasuka.

Kumaliza, vanishi ya maji isiyo na mng'aro, mara mbili. Ya mafuta inageuka manjano na bahari yako itakuwa kama chai.

Kipanga_wa_Ngambo
Na makombe yenye mnyama hai ndani rudisheni baharini jamani. Ya kuokota mchangani matupu yamejaa.

Mshoni_Mkongwe
Kwa ile picha utakayobandika kanga mpya: ifue mara mbili kwanza. Kanga mpya ina wanga, gundi inashika wanga badala ya kitambaa. Nyekundu na nyeusi zijaribu kwa kitambaa kibichi kama MamaUkili alivyosema. Kisha paka gundi chini, laza kanga, kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, ukitoka katikati kwenda nje, mapovu yatoke. Paka gundi tena juu.

Na ukitaka usijute, anza mwezi wa sita masika yakishapita. Gundi iliyopakwa mwezi wa nne hukauka juu tu.

Bint_Malindi
Wanajamvi, marejesho. Nimempigia halati. Nimezungumza kidogo sana, yeye kazungumza sana. Mkasi umepigwa marufuku. Lakini kasema kama nitaishona nzima kama alivyoeleza bi Mshoni, na yeye atanipa ya kwake nitundike doti kamili, ila Idi anakuja mwenyewe kukagua mishono.

Kwa hiyo sasa mpango: katikati kanga mbili kwenye plaiwudi, moja juu moja chini, kulia bahari na makombe, kushoto ukili peke yake bila rangi nyingi. Karafuu zitaning'inia chini ya ukili. Mbao nimeshaagiza Jang'ombe, zinakaushwa.

MamaUkili_Wete
Halati yako mtu wa maana. Mishono iwe midogo upande wa mbele, huyo ataikagua kweli.

Mwali_Chake
Samahani kwa kudandia uzi wa mtu. Mie niko Chake, nnataka ile ya ukili tu, chumbani. Plaiwudi ya milimita 4 inatosha?

FundiFremu
Kwa ukili peke yake inatosha, ila ipigilie fimbo mbili za mbao nyuma isijikunje. Ukibadili mawazo ukatia makombe, panda mpaka 9.