Bedford ya jeshi Pongwe au Benzi 911 Korogwe, nichukue ipi?

Mkwajuni
Wakuu salaam. Niko Tanga mjini, natafuta lori la zamani linalovuta mbele na nyuma nilifufue. Nimepata mawili. Kuna Bedford iliyokuwa ya jeshi, imelala Pongwe chini ya mwembe miaka mingi, haiwaki. Kuna na Benzi 911 Korogwe, inawaka, bodi imeoza, na bei yake inakaribia mara mbili ya Bedford. Moyo wangu uko kwenye Bedford tangu utotoni. Jumamosi natakiwa nitoe jibu.

FundiPampu
Bedford ipi ndugu yangu? Petroli au dizeli? Kadi ya gari ipo? Utabeba nini? Hujasema hata kimoja. Kichwa kikiwa cha mviringo hiyo ni RL, ilitoka kiwandani na petroli ya silinda sita, lita 4.9. Kikiwa cha pembe pembe ni MK au MJ. MJ ni dizeli ya lita 5.4, na hapo mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Mama_Iliki
Chukua 911. Ninayo ya marehemu baba, inashusha iliki na mdalasini kutoka Amani hadi Muheza, masika na kiangazi. Injini ni OM352, lita 5.7, mafundi wengi wa huku wamekulia juu yake. Ringi na nozo naagiza Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, zinakuja na basi. Ila hakikisha imeandikwa LA, ndiyo inayovuta mbele na nyuma. Iliyoandikwa L peke yake haivuti mbele.

Raskazone77
Mkwajuni, usitoe hata shilingi kabla hujalala chini ya gari. Nilinunua lori la jeshi la petroli hapa hapa mjini, lilikuwa limekaa nyumba ya pili kutoka baharini. Rangi mpya, likawashwa, likaunguruma vizuri, nikalipa siku ile ile. Fundi alipoanza kukwangua chesisi, rangi ikatoka pamoja na chuma. Pale springi za nyuma zinaposhika palijazwa filla ya bodi, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Chumvi ilikuwa imekula kutoka ndani. Tukachomelea miezi mitatu.

Zikaja tairi. Zile rimu ni za pete, vipande vipande. Kijana akajaza upepo bila kuifunga rimu mnyororo wa kuizuia pete, pete ikaruka ikatoboa bati la banda. Alikuwa ameinama pembeni, Mungu akamnusuru. Mpaka leo nikisikia kompresa nageuka.

Mwisho ikawa karatasi. Namba ya chesisi kwenye hati ya mnada ilipishana na ya kwenye chuma kwa tarakimu moja. Kwa tarakimu hiyo moja nilihangaika miezi minane, nikaliuza skrepa kwa kilo. Liliniuma sana, maana nililipenda.

Mkwajuni
Pole sana kaka. Kichwa ni cha mviringo, kwa hiyo RL. Kazi ni machungwa ya Muheza wakati wa msimu, miezi mingine mchanga na mawe. Kadi muuzaji anasema iko kwa kaka yake Dar.

FundiPampu
Kadi iko kwa kaka yake? Simama hapo hapo. Ije kwanza, muilinganishe na chuma, uende nayo TRA, mamlaka ya mapato, ndipo mzungumze bei. Na mtu asikushawishi kulivuta na trekta ili liwake. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, acha siku mbili tatu, kisha zungusha kwa mkono. Ikigoma usilazimishe.

Difu_Mbili
Petroli kubeba machungwa? Faida yote itaishia kituo cha mafuta. Toa hiyo injini, weka dizeli ya Fuso, 6D16, umemaliza.

RL_Asilia
Hujamaliza, ndiyo umeanza kuharibu. 6D16 ni lita 7.5. Giaboksi na difu (gia za kwenye ekseli) za RL zimetengenezwa kwa petroli ya lita 4.9 ya miaka ya 1950. Mlima wa kwanza na mzigo, utaokota meno ya gia. Kama ni dizeli, tafuta ya Bedford yenyewe.

Difu_Mbili
Nimeona Bedford yenye Fuso inapanda Lushoto.

RL_Asilia
Ina mzigo wa tani ngapi? Na imepanda kwa miaka mingapi?

Babu_Ngamiani
Mmenikumbusha mbali. Baba yangu alikuwa na Bedford ya kiraia. Vita vya Kagera vilipoanza 1978, malori ya watu yalichukuliwa kubeba askari, na la kwetu likaenda na dereva wake. Lilirudi mwaka uliofuata, bodi imepasuka, lakini injini ile ile. Dereva hakutaka kuendesha gari jingine mpaka alipostaafu.

Mama_Iliki
Shikamoo babu. Hilo lori liliishia wapi?

Babu_Ngamiani
Marahaba mwanangu. Liliuzwa Handeni. Nasikia chesisi yake ikawa tela la maji. Na wewe Mkwajuni, ukilifufua la Pongwe usilipake kijani cha jeshi. Paka bluu, paka krimu, upite vizuizi kwa amani.

Mkwajuni
Asanteni nyote. Ijumaa nakwenda Pongwe na nyundo na tochi. Kuhusu tairi, hiyo ya Pongwe imeandikwa 11.00-20. Bado zinapatikana?

Raskazone77
Zipo, ila pesa utaiona inavyoondoka. Na nunua mnyororo kabla ya tairi.

Mama_Iliki
Mkwajuni, bado hujanijibu. Ile ya Korogwe ni LA au ni L?