Kuchora wahusika kwa anayeanza: penseli, rangi za maji, akriliki au simu? (Mtwara/Lindi)

Shangani_Mtwara:
Wadau, salaam. Naomba tulinganishe vifaa kwa mtu anayeanza kuchora wahusika, yaani watu wa hadithi za watoto, katuni na mabango. Njia ninazoziona ni nne: penseli na karatasi, rangi za maji za vibonge, akriliki (rangi nzito inayochanganywa na maji na kukauka haraka), na simu. Wahusika wenyewe ni watu wa huku kwetu: ngozi nyeusi, kanga, kikoi, kofia ya kiua. Nataka kujua kipi kinamjenga mtu haraka, na kila kimoja kinaharibikia wapi. Toeni vipimo tafadhali, maana "jitahidi utaweza" tumeshaisikia sana.

Wino_Mweusi:
Mkuu, kabla ya kifaa angalia kazi yenyewe. Mhusika lazima ajirudie. Uso mmoja uliotoka vizuri bado si mhusika; mhusika ni yule ambaye amekaa, anakimbia au amekupa mgongo na msomaji bado anamjua ni yuleyule. Kwa hiyo chagua kifaa kinachokuruhusu kukosea mara nyingi bila kukutia hasara. Rimu moja ya A4 ya fotokopi, gramu 80, ina karatasi 500. Hakuna rangi itakayokupa nafasi hizo kwa bei hiyo.

Penseli nunua mbili tu: HB ya kujengea, 2B ya kumalizia. 6B iache kwanza. Ni laini mno, na kwa joto la pwani kiganja chenye jasho kinaipaka ukurasa mzima. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono, na kama unatumia mkono wa kulia, umalizie kuanzia juu kushoto ukishuka. Karatasi ya gramu 80 inavumilia raba mara mbili tatu, kisha inafumuka nyuzi na kila mstari unaopita hapo unakuwa na mabaka. Dawa yake ni kushika penseli mbali na ncha, sentimita 6 hadi 8, wakati wa kujenga. Geuza karatasi: ukihisi mitaro kwa nyuma, unakandamiza.

Halafu vipimo. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi. Mtoto wa miaka sita anakaribia 6, na anayejifunza kutembea kama 4. Katikati ya mwili mzima ni kwenye kinena, si kiunoni. Kiwiko kinafika usawa wa kiuno, na vidole vikinyooshwa vinafika katikati ya paja. Mhusika wa katuni anaweza kuwa na vichwa 3 tu, ni uamuzi wako, ila ukishaamua andika pembeni mwa ukurasa na usitoke hapo.

Kichwa: chora duara, likate kidogo pembeni kwa sababu fuvu limebanwa upande wa masikio, kisha shusha taya. Macho yanakaa katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Karibu kila anayeanza huyapandisha hadi kwenye paji, kwa kuwa hahesabu fuvu lililofunikwa na nywele au kilemba. Kilemba kinachorwa juu ya fuvu, hakichukui nafasi yake. Upana wa kichwa kwa mbele ni kama macho matano. Sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua.

Ukishaweza hayo, tengeneza ukurasa wa kielelezo. Laza karatasi, piga kwa rula mistari ya mlalo ya utosi, macho, kidevu, bega, kiuno, goti na unyayo. Kwenye mistari hiyo mchore mhusika wako kwa mbele, kwa mshazari, kwa ubavu na kwa mgongo. Hapo ndipo utagundua kwamba pua uliyoipenda kwa mbele hujui inaonekanaje kwa ubavu. Ni ugunduzi mzuri sana, na ni bora uje kwenye karatasi ya rimu kuliko kwenye turubai.

Binti_Lindi:
Nakubaliana na kaka Wino kwa mwanzo, lakini asiyegusa rangi kwa muda mrefu huishia kuwaza mistari tu. Rangi za maji za vibonge ni nyepesi kubeba na zinafundisha kupanga mwanga kabla ya kuanza, kwa sababu weupe wako ni karatasi yenyewe. Unaanza na rangi hafifu kwenda nzito. Ukishapita giza, huwezi kurudi.

Kinachoharibu ni karatasi. Gramu 80 inajikunja kwa maji ya kwanza tu. Manila nene ya gramu 200 na kuendelea inafaa kwa mazoezi, ukiibana pembe nne juu ya ubao. Kazi ya kuuza itafutie karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, hata kama ni kuagiza Dar es Salaam. Ukiagiza A3, kila moja inakatwa kuwa A4 mbili.

Makosa mawili yanajirudia sana. Moja ni kudondosha brashi yenye maji kwenye eneo lililokauka nusu: maji yanasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochongoka. Subiri ama likiwa bado linang'aa maji, ama likauke kabisa. Gusa kwa mgongo wa kidole, si kwa ncha. Likiwa la baridi bado lina unyevu. Miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, kusubiri huko kunarefuka sana, kwa hiyo fanya kazi karatasi mbili au tatu kwa zamu. La pili ni kusugua sehemu moja kwa brashi mara nyingi. Tabaka la chini linaamka, na rangi inageuka tope.

Na mkienda duka la vifaa vya ujenzi mkaomba rangi ya maji, mtapewa ya ukutani. Hiyo siyo.

Fundi_Mabango:
Wakuu, mnaiogopa akriliki bure. Kwa anayetaka mhusika mkubwa wa bango au ukuta wa darasa, akriliki ndiyo inayosamehe: ikikauka unapaka juu yake, giza kwa mwanga au mwanga kwa giza. Haihitaji karatasi ya bei. Hadibodi ya futi 2 kwa 2, piga msasa upande laini, pakaza rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, na baada ya siku moja uko kazini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani, alichora kwenye vipande vya bodi kwa rangi za mafuta za kawaida, na mtindo huo ukabeba jina lake. Lakini rangi ya mafuta simshauri anayeanza. Inachukua saa nyingi kukauka, vumbi linanasa, na brashi inahitaji tina.

Adui wa akriliki huku ni upepo wa bahari na feni. Tabaka jembamba linakauka ndani ya dakika kumi hivi, na ukitoa rangi nyingi inakufia kwenye kisahani. Chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, tandika kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi ikae hapo. Ukifunika, inafika kesho. Toa kiasi cha punje ya korosho, ongeza ikihitajika. Maji ya kuchanganyia yasizidi theluthi ya rangi, kwani gundi yake inapungua nguvu na tabaka linabanduka. Brashi isiachwe nje ya maji hata kidogo. Usiisimamishe kwa nywele ndani ya kopo; ilaze, au ioshe kwa sabuni kila unapobadilisha rangi.

Pia kumbuka akriliki ikikauka inakuwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Jaribu pembeni, subiri, ndipo upake uso.

Kidole_Skrini:
Simu isidharauliwe. Programu ya kuchora ya ibisPaint X inafanya kazi kwenye simu za kawaida, na mwenye kompyuta ana Krita, ambayo ni ya bure kabisa. Fungua turubai ya A4 ya kuchapisha: pikseli 2480 kwa 3508. Simu yenye RAM ndogo itakupa tabaka chache (yaani kurasa angavu zinazolaliana), kwa hiyo zipange nne: rasimu, mistari, rangi bapa, kivuli. Tabaka la kivuli liweke kwenye hali ya Multiply (inayotia giza rangi za chini yake) na tumia rangi moja ya zambarau iliyopoa; kivuli kitakaa juu ya ngozi na kanga kwa pamoja bila kuchagua rangi upya.

Kasoro zake ni mbili. Kidole kinaficha mahali unapochora, na kalamu za skrini zenye ncha nene za mpira hazitambui mkandamizo, hivyo mistari yote inatoka unene mmoja. Washa kiimarisha mstari, halafu unene ongeza mwenyewe kwenye pembe na chini ya kidevu. Ya pili ni kuza-kuza: mtu anakuza jicho hadi lijaze skrini, analimaliza vizuri, akirudisha anakuta liko shavuni. Vipimo vyote vikamilishe ukiwa unaona mwili mzima. Na tumia kitufe cha kugeuza picha kama kioo kila baada ya hatua; upande uliolala unajitokeza papo hapo. Wa penseli wanapata hilohilo kwa kuinua karatasi dirishani na kuitazama kwa nyuma.

Mpingo:
Nyongeza kwa wote. Watu wa kusini tuna shule ya wahusika mlangoni. Tazama kinyago cha Kimakonde kwa kukizunguka, chora pande nne. Hakuna upande ambao mchongaji aliuacha bila uamuzi. Mtazame pia George Lilanga, mchoraji na mchongaji Mmakonde aliyezaliwa 1934 huku kusini: viumbe vyake vina masikio makubwa na midomo iliyochomoza, na unavitambua kwa umbo la nje kabla ya kuona rangi. Kipimo cha kujipima ni hicho. Mjaze mhusika wako weusi mtupu. Asipotambulika, tatizo liko kwenye umbo, na rangi haitaliponya. Chagua kitu kimoja cha kutia chumvi, mfano mabega ya mvuvi au shingo ndefu ya bibi, na vingine vibaki na kiasi.

Shangani_Mtwara:
Asanteni sana. Swali moja linabaki: ngozi. Nikiipaka kahawia na kuongeza nyeusi kwenye kivuli inakuwa kama masizi, na nikiongeza nyeupe kwenye mwanga inapauka kama majivu. Kwa nini?

Binti_Lindi:
Kwa sababu nyeusi na nyeupe zote zinaua joto la rangi. Kahawia itengeneze mwenyewe: sehemu tatu za njano, mbili za nyekundu, na bluu ongeza kwa ncha ya brashi hadi ikae sawa, maana bluu ina nguvu. Kivuli: kahawia hiyohiyo na bluu zaidi, bila nyeusi. Mahali mwanga unapokutana na kivuli ongeza wekundu kidogo. Hapo ngozi nyeusi huwa na joto kuliko kote. Sehemu inayong'aa, kwenye paji, daraja la pua na mfupa wa shavu, haing'ai kwa rangi ya ngozi bali kwa rangi ya kinachoakisiwa. Mtu aliye nje chini ya anga ana mng'ao wa bluu hafifu. Aliye karibu na taa ya njano ana wa njano. Kwa akriliki, nyeupe unaweza kuitumia, ila itie bluu au njano kwanza, na eneo liwe dogo. Viganja na nyayo ziwe hafifu kuliko mkono.

Wino_Mweusi:
Na chagua saa ya kutazama watu. Adhuhuri ya huku, hasa Februari na mwishoni mwa Oktoba, jua linakaa karibu utosini: macho yanazama kwenye vivuli na mashavu yanapotea. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, mwanga ukitoka ubavuni. Kivuko cha Msangamkuu, au cha Kitunda kwa walioko Lindi, ni mahali pazuri, kwa kuwa anayesubiri hutulia dakika mbili tatu. Sekunde 30 kwa mstari wa mwendo, kuanzia shingo hadi kisigino kinachobeba uzito. Dakika moja nyingine kwa kichwa, kifua na nyonga kama maumbo matatu. Nguo mwisho: kanga inakunjamana pale ilipobanwa, kwapani na kiunoni, na mikunjo inatawanyika kutoka hapo. Nyuso za watu usizikamilishe papo hapo. Chukua mkao, uso utambunia mhusika wako nyumbani.

Fundi_Mabango:
Kwa brashi zinatosha tatu: bapa ya sentimita 2 kwa maeneo makubwa, ya duara namba 6, na ya duara namba 2 kwa macho. Kabla ya kulipa, bonyeza nywele kwa kidole. Zikibaki zimelala, rudisha.