Naomba ushauri: nikitoka tu, atelye inasimama

Jambo yenu bandugu. Niko na atelye ya kushona hapa Lubumbashi, kule Katuba, nilianza peke yangu na mashini moja, sasa ziko 5 na vijana 4. Kazi iko, Mungu asaidie. Shida ni mimi, ao ni bo, sijue.

Mwezi wa 8 tulipata komande ya yunifomu za masomo, juu mwezi wa 9 inafika na kila mzazi anataka shati nyeupe na bulu yake. Nikaenda Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, siku moja tu kutafuta uzi na zipu. Simu ililia mpaka batri ikaisha! "Patrone, tukate wapi? Patrone, kliyente anataka kupunguziwa bei." Ile hawakuniuliza ndiyo ilitupiga: sketi 12 zilikatwa fupi, kitambaa kilipotea, nililipa mfukoni mwangu.

Nilipiga makelele, na kusema ukweli ni mimi niliwazoesha hivi, kila kitu lazima kipite kwa mkono wangu, hata kushona kitufe.

Nilifikiri kuweka mmoja kuwa mkubwa wa bengine. Anayejua kazi sana ni binti mdogo kabisa, lakini mtoto wa dada yangu ndiye wa zamani, na huyo anakulaka avanse (pesa za mbele) za bakliyente bila kuandika kwenye kaye (daftari). Nikimuruka, nyumbani dada atasema nini?

Wenye bamepita hapa, mulifanyaka je? Mulianza kuwaachia nini kwanza, makuta (pesa) ao kazi?